Mteremko Uliopakiwa Melini

Juzi nilishuka soko la Volo Volo, mjini Moroni, kununua ndimu na sabuni. Nikarudi sina ndimu wala sabuni, nina hasira tu. Pembeni mwa soko, pale mabasi madogo yanapopakia abiria, bwana mmoja alikuwa ametandaza zulia la kijani juu ya mawe, anauza kwa mita. Majani ya plastiki! Watu wa harusi wanayanunua, wanayatandika mbele ya jukwaa la bibi harusi, wanapiga picha. Nikainama nikayashika, yakanikwaruza kama brashi ya kusugulia sakafu. Nikamuuliza yana faida gani. Akaniambia, "Mzee wangu, haya hayanyauki, hayaliwi na mbuzi, wala hayataki maji." Nikamwambia kitu kisichonyauka, kisicholiwa na mbuzi na kisichotaka maji ni jiwe, na mawe hapa Moroni tunayo ya bure. Watu wakacheka, naye akacheka, nikaona nikizidi kusimama pale nitamtukana mtu aliyetoka asubuhi kutafuta riziki yake.

Sasa nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kilimo na mifugo, mnaokuja kwangu Ntsoudjini mkitaka niwahadithie mambo ya zamani, leo kaeni mnisikilize mpaka mwisho. Nimefanya kazi ya majani miaka thelathini na ushei. Karafuu nilimwachia mwingine, na langilangi, na vanila, mimea ile mikubwa mikubwa inayochorwa kwenye stempu. Mimi nilikuwa mtu wa majani, yale mnayoyakanyaga mkienda kutazama karafuu. Mama yangu alinilea Unguja kabla hatujarudi kwa watu wetu, ndiyo maana kalamu yangu huenda kwa Kiswahili. Lakini majani nilifundishwa huku, na aliyenifundisha ni mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu.

Nikiri kwanza kwamba nina ugomvi na washairi. Niliporudi Moroni nikaingizwa shule ya Kifaransa, na jambo la kwanza nililokariri lilikuwa shairi la malisho ya huko kwao. Majani mabichi mpaka magotini, maua meupe, ng'ombe wanene wasiofungwa kamba, mto umepita katikati. Tulilikariri tumesimama, watoto arobaini, na nje ya dirisha kulikuwa na lava nyeusi na mbuzi mmoja anakula karatasi. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua malisho ni nini. Ukigeukia mashairi yetu wenyewe, nako hakuna nafuu. Asumini imepewa beti zake, waridi lina zake, mkadi umeimbwa hadi umechoka. Majani yakitajwa, yametajwa ili yakanyagwe. Mnyonge ni majani, maisha ya binadamu ni majani, leo yapo kesho yamekauka. Nani kawaambia? Ukoka ukauke! Jaribuni kuung'oa ukoka uwanjani kwenu, mtakufa nyinyi, wenyewe utabaki.

Na hasira hii naielekeza kwenu pia, msijifanye hamsikii. Nawaona mkipiga dawa ya kuua majani pembezoni mwa mashamba, shamba linabaki limenyolewa kama kichwa cha mtoto wa arubaini. Mnasema ni usafi. Mvua ya kwanza ikija, usafi wenu wote unakwenda baharini. Nikiwauliza, mnaniambia ndivyo mlivyoona kwenye simu.

Haya. Idara ya kilimo iliponipeleka Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na viatu vipya, na vyote viwili vilikuwa vinanibana. Ofisi yetu ilikuwa karibu na bandari. Kila mvua kubwa ikinyesha tulitoka mlangoni tukatazama bahari ikigeuka nyekundu. Ulikuwa udongo wa milimani, unashuka na mito, unapita chini ya madaraja ya mji na kuingia majini mbele ya macho yetu. Mashamba ya watu yalikuwa yanakwenda zake. Kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye vijiji vya juu ya mji, niwafundishe wakulima kupanda mistari ya majani kukata mteremko, ili mizizi iushike udongo.

Mtu wa kwanza niliyeelekezwa kwake alikuwa Koko Zaliha. Koko ni bibi. Ndivyo tunavyowaita wanawake wazee kwa heshima. Alikuwa mjane, mwembamba, ana binti mmoja aliyeolewa, pamoja na wajukuu watatu, na wote hao walikula kutoka shamba moja la majimbi na muhogo. Juu ya shamba kulikuwa na mteremko mkali sana, wake pia, aliachiwa na mama yake, umejaa ukoka uliofungamana kama mkeka, na mistari ya majani marefu imekatiza hapa na pale. Aliniambia siku ile ile ya kwanza, "Mwanangu, shamba langu ni hili la chini. Lakini anayelishika lisianguke ni huyu wa juu." Mimi nikaandika kwenye daftari kwamba mkulima ana uelewa wa wastani. Wa wastani!

Nikaanza kumfundisha. Wiki ya pili, kwa kutaka sifa, nikamkatia ng'ombe wake mzigo wa mikunde michanga, asubuhi na mapema, bado ina umande. Kitabu kilisema mikunde ina lishe. Cha umande kitabu hakikusema. Ilipofika adhuhuri ubavu wa kushoto wa ng'ombe ulikuwa umevimba, ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma. Mimi nikasimama nimeshika cheti changu moyoni, sijui pa kuanzia. Koko akachukua kipande cha kijiti, akakifunga mdomoni mwa ng'ombe kama lijamu ili atafune na kutoa mate, akamnywesha mafuta ya nazi kwa chupa, kisha akanikabidhi kamba. "Mtembeze. Mpandishe mlima, kichwa kiwe juu." Nikampandisha, nikamshusha, viatu vipya vikaisha siku ile ile. Mara ng'ombe akacheua gesi kwa kishindo, Koko akanigeukia akasema, "Alhamdulillahi, kitabu chako kimepumua." Kijiji kizima kiliniita Kitabu kwa miezi sita.

Basi shikeni hilo. Mikunde mibichi msimpe mnyama mwenye njaa, na majani ya umande yaacheni jua liyapige kwanza. Na kigingi cha ng'ombe mkikikita, kichwa chake kiinamie mbali na ng'ombe, akivuta azidi kukizamisha. Kihamisheni kila siku. Kwetu ng'ombe hatembei ovyo, huzunguka kigingi chake, anakula duara lake na kuliacha na samadi, kesho anapewa duara jingine. Ukimsahau siku tatu mahali pamoja, atakula majani, atakula mizizi, atakuachia kidonda kwenye mlima. Mzembe wa ng'ombe kwetu hujulikana kwa kuangalia ardhi, huna haja ya kumwuliza mtu.

Siku moja akaja mtaalamu wa kigeni kutuonesha namna ya kupata mstari ulio sawa mteremkoni. Alikuwa na mbao tatu zilizopigiliwa mfano wa herufi A, na jiwe linaning'inia kwa uzi. Kutwa nzima tulihangaika na jiwe lile, tukichomeka vijiti. Jioni tukasimama mbali kuangalia vijiti vimekwenda wapi. Vimekwenda sawasawa na vijia vya ng'ombe waendao vigingini. Koko alikuwa amekaa kizingitini anapepeta mchele, akasema, "Mbuzi hupanda mlima wima, lakini ng'ombe ni mvivu, hutembea ubavuni, hapandi hashuki. Mama yangu alipanda majani palipopita ng'ombe." Mtaalamu aliposikia tafsiri yangu alicheka, kisha akalifungua jiwe lake kwenye uzi. Namsifu, maana alijua kukubali.

Koko alikuwa pia na wimbo wake wa kukatia majani. Alikata kwa mundu, anashika fundo kwa mkono wa kushoto, na alibakiza urefu wa ngumi moja, hata siku moja hakukata chini ya hapo. Wimbo wenyewe ni wa Kindzuani, mimi nimeugeuza hivi:

Nakukata majanini, nakuacha mizizini;
cha ng'ombe kiko juuni, cha mlima ki chinini.

Nilimuuliza ametungiwa na nani. Akaniambia, "Na njaa." Katika mashairi yote niliyokariri shuleni, hakuna lililonifaa kazini isipokuwa hilo la mistari miwili, na halimo katika kitabu chochote.

Sasa nije kwenye lililoniweka hapa nikiandika.

Mamluki wa Kizungu walikuja mwaka sabini na nane, wakakaa kama wenye nyumba. Nyinyi mmezaliwa baadaye, mnawajua kwa hadithi. Sisi tuliwaona barabarani, wamevaa sare nyeusi, wanaendesha magari kama kwamba barabara ni ya baba zao. Watu walijifunza kuzungumza polepole na kuangalia nyuma. Kulikuwa na waliochukuliwa wakahojiwa, wakarudi nyumbani wamepungua maneno. Sitaki mtu anidanganye kwamba walileta utulivu. Nyumba ikinyamaza kwa sababu ya mwizi haijatulia.

Mmoja wao, luteni, alitoka Moroni akaja Mutsamudu kutembea. Sisi tulimwita Bustani, kwa sababu ya hayo nitakayowaambia. Mkuu wangu wa kazi akaniita, akasema nimpandishe mgeni milimani aone kazi za idara. Mngeniona mimi! Nilipiga pasi shati. Na sikumpeleka kwingine, nilimpeleka moja kwa moja kwenye mteremko wa Koko Zaliha, maana ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, na kwa wakati ule nilikwisha kuwa na tabia ya kusema "kazi yetu" nilipouonesha kwa watu.

Luteni alifika akavua kofia. Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya ukoka. Kisha akaanza kusoma shairi kwa sauti, kwa moyo, bila kitabu. Shairi la malisho ya kwao. Nyumba ya bibi yake, majani yenye umande, ng'ombe wa kahawia, kengele shingoni. Machozi yakamtoka. Mtu aliyetisha visiwa vizima analia juu ya majani! Nami, mjinga, nikaguswa. Nikaona kumbe huyu naye ni mtu.

Aliposimama akasema majani yale ni mazuri sana, hajaona mfano wake tangu atoke kwao.

Na hapa ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni akikisifu kitu chako huwezi kukaa kimya. Unamwambia, "Ni chako, chukua." Naye mgeni aliyelelewa vizuri anajua zamu yake: anakataa, unamsisitiza, anakataa tena, mnacheka, kitu kinabaki kwako na heshima inabaki kwa wote wawili. Wamekulia hivyo wazee wetu, nasi tumekulia hivyo. Nikamwambia luteni kwa Kifaransa kizuri kabisa, "Ni yako, bwana, uyachukue."

Akaniambia ahsante.

Koko Zaliha alikuwa amesimama hatua chache, akaniuliza mzungu kasema nini. Nikamwambia ameyasifu majani yako. Akafurahi, akamkatia dafu, luteni akalinywa lote na kumrudishia kifuu kwa mikono miwili. Sikumwambia Koko kwamba nimetoa zawadi kitu cha mwenyewe. Nilijiambia ni maneno tu ya adabu, yataishia pale.

Ilikuwa katikati ya kiangazi watu wa luteni walipokuja. Walikuja na lori, walinzi wanne wenye bunduki, makuli kumi wa bandarini, na magunia. Luteni alikuwa anajenga nyumba nje kidogo ya Moroni, juu ya lava, na mbele ya nyumba alitaka malisho. Alitaka ya kulalia, ya kutembelea bila viatu. Moroni udongo wa kutosha hakuna, kwa hiyo ukoka ukatwe vipande vya mraba pamoja na udongo wake, vijazwe kwenye magunia, vishushwe bandarini, vipakiwe melini, viende vikatandikwe huko. Mkuu wangu alinipa karatasi. "Utawaonesha namna ya kukata," akaniambia, "maana wewe ndiye uliyempa."

Nikamwambia mkuu, polepole, kwamba chini ya mteremko ule kuna shamba la watu. Akatazama dirishani. Akasema, "Wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi. Sisi ni nyasi, bwana. Nenda."

Vijana, msitumie methali hiyo mbele yangu. Nimeishi na ukoka miaka thelathini, sijapata kuuona umeshika jembe kung'oa ukoka mwenzake. Tulioshika majembe tulikuwa watu, tuna majina, tuna mama zetu. Na mafahali walipigana na nani siku ile? Hapakuwa na vita mlimani. Alikuwepo mwanamke mmoja mjane, na wanaume kumi na sita pamoja na mimi.

Koko alitukuta tumeshakata safu ya kwanza. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka nilipo, akatazama sepetu mkononi mwangu, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Wakati namweleza, luteni, ambaye alikuja mwenyewe kusimamia, alikuwa amesimama juu yetu anasoma tena lile shairi lake, safari hii kwa kunong'ona, uso umeng'aa kama mtu aliyeko msikitini.

"Anasema nini?" Koko akauliza.

"Anasema anayapenda majani."

"Mwambie basi ayapende yakiwa hapa hapa."

Sikutafsiri. Luteni akaniuliza bibi anasema nini, nikamwambia anakukaribisha. Hayo ndiyo niliyoyasema. Mnaweza kunihukumu, mimi nimeshajihukumu.

Na kuna jambo jingine nililolificha siku ile, nalo ni la kazi yetu, kwa hiyo lisikieni vizuri. Nilijua yale majani yatakufa. Ukoka uliozoea udongo mwekundu wa kina, mvua za mlimani na ukungu wa asubuhi, ukautandike juu ya lava inayochemka, na udongo wa vidole vinne, na upepo wa chumvi, hauishi miezi miwili. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Ningesema neno hilo moja, kama mtaalamu tu, bila ushujaa wowote, bila kumpinga mtu: bwana, hayatashika. Lilikuwa linanikaa mdomoni. Nikalimeza, kwa woga, na kwa sababu mbaya kuliko woga: yule bwana alikuwa akiniita "mtaalamu wangu" mbele ya watu, na sikutaka aache.

Siku tatu tulikata. Binti wa Koko alikuja na wajukuu wakakaa juu ya ukuta wa mawe wanatutazama. Bandarini magunia yalipangwa marefu kuliko ya karafuu za msimu, yanatiririsha vumbi jekundu. Kuli mmoja, mtu mzima mwenye taulo shingoni, akaweka gunia chini, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nimepakia vanila, nimepakia karafuu, nimepakia hata maiti. Leo napakia mlima." Wenzake hawakucheka.

Nikaondoka na meli hiyo hiyo. Nilihamishiwa Moroni, nikawa mtunza malisho ya luteni. Mngeyaona wiki ya kwanza, Mungu nisamehe, yalikuwa mazuri! Kijani juu ya nyeusi. Watu walisimama barabarani wakatazama. Kisha likaanza suala la maji. Kisiwa chetu hiki cha Ngazidja hakina mito, nyinyi mnajua, tunaishi kwa matangi ya mvua. Katikati ya kiangazi, wakati wanawake wa mtaa ule wanapanga ndoo zao kwenye tangi linalokaribia kukauka, mimi nilikuwa nimeshika mpira wa maji nanywesha ukoka mara mbili kwa siku. Mwanamke mmoja alinitemea mate miguuni. Sikumlaumu, maana angekuwa mama yangu angefanya hivyo hivyo.

Mwezi wa pili tangu tuyatandike yakaanza kubadilika rangi pembezoni. Kisha katikati. Ukiyavuta yanatoka kwa mkono mmoja kama nywele za mgonjwa, na chini ni mawe. Luteni akanisimamisha mbele ya nyumba akaniuliza kwa nini. Ndipo nikasema, sasa, baada ya yote. Nikamweleza udongo, chumvi, joto, nikamweleza vizuri, kama mwalimu darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulilijua hili tangu mwanzo?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Ungeniambia, nisingeyachukua."

Mnaona maneno! Akapanda gari lake akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Wakati mwingine, nikiwa nimelala bila usingizi, nasema yule ni mwongo, angechukua tu, watu wale hawakuwahi kuacha walichokitaka. Halafu nasema, je, kama ni kweli? Hilo ndilo linalonichoma kuliko sare yake na bunduki zake. Alichukua mlima, akaniachia mimi lawama, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu kihalali.

Mvua za kaskazi zilipofika nikaanza kusikia habari za Mutsamudu kwa wasafiri wa meli. Mmoja akasema bahari imekuwa nyekundu kuliko mwaka wowote. Mwingine akasema juu ya mji mlima umeshuka. Nikamuuliza upande gani. Alipotaja kijiji nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za ofisi.

Chini ya tangi la maji la nyumba ya luteni, penye kivuli, palipodondokewa matone usiku na mchana, palikuwa na kipande cha ukoka kilichobaki hai. Kadiri ya mkeka wa kuswalia. Nikakikata kwa uangalifu wote nilionao, nikakifunga kwa gunia lililoloweshwa, nikakitia kikapuni, nikaomba ruhusa ya siku nne. Melini nilikipakata kama mtoto. Kila saa nilikinyunyizia maji ya kunywa. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri nitaupanda kwenye pembe moja, utambae, miaka mitatu minne utarudi kama zamani. Nilikuwa na hesabu yote kichwani.

Nilipopanda kijijini sikuutambua mteremko. Palikuwa na jiwe jekundu limenyooka toka juu hadi chini, linang'aa kwa maji. Shamba la majimbi lilikuwa limefunikwa kwa tope na mawe, na sehemu ya chini yake haikuwepo kabisa, ilikuwa imekwenda na bonde. Binti wa Koko, niliambiwa njiani, amehamia mjini na watoto, anafua nguo za watu.

Koko Zaliha alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, ng'ombe amefungwa kwenye mlango wa jiko, mbavu nje, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukita kigingi.

"Kwezi, Koko," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Mbona," akaitikia, ndivyo kwetu inavyoitikiwa. Hakuacha kuitikia salamu yangu.

Nikaweka kikapu miguuni pake, nikafungua gunia. Nikaanza kueleza, nikasema nimeyarudisha, nikasema nitapanda mwenyewe kwa mikono yangu. Akachukua bonge moja, akaligeuza, akalitikisa. Mchanga mweusi ukamdondokea kanzuni.

"Udongo huu mweusi si wangu," akasema. "Wangu ulikuwa mwekundu. Uko wapi?"

 Uliopelekwa ulikuwa umepeperuka juu ya lava ya watu, na uliobaki ulikuwa chini kule baharini, mbele ya bandari, tunauona wote wawili kutoka pale tulipokuwa.

"Umeniletea majani, mwanangu. Niyapande juu ya nini?"

Akainuka, akakichukua kikapu, akakiweka mbele ya ng'ombe. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kumzuia, maana yalikuwa ya mwisho, hakuna mengine popote duniani ya mteremko ule. Akaniangalia tu. "Mwache ale," akasema. "Yeye hakukosa."

Ng'ombe alikula na mizizi. Koko akasubiri amalize, akakung'uta kikapu, akanirudishia, akaniambia niingie ndani, nimetoka safari, lazima nile. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha, vipande vitatu, ametumiwa na jirani. Yeye aliyekuwa akigawia nusu ya kijiji majimbi kila Ijumaa. Aliniwekea viwili. Nikasema vitamu sana, Koko. Naye, kwa adabu ile ile tuliyolelewa nayo, akanisogezea na kile cha tatu, akasema, "Ni chako, chukua."